Afya ya Jamaa: Kidonda kisichofunga



Mwaka uliopita tuliitwa nyumbani kwa mzee mmoja wa mtaa wetu, baba wa vijana wawili tuliowafundisha zamani. Tulimkuta ameketi barazani, amejifunika blanketi ingawa jua lilikuwa kali. Mtu yule, ambaye sauti yake ilisikika zamani toka ng'ambo ya mto alipowaita watoto, sasa alinong'ona tu. Shingoni, chini ya taya, palikuwa na donge kubwa kama yai la kuku. «Mwalimu,» akatuambia kwa shida, «wamenifunga sauti.»

Tulielewa maana yake. Jamaa walikuwa wamekwisha kukata shauri: mdogo wake amemloga kwa ajili ya shamba la mihogo la marehemu baba yao. Tangu siku hiyo mdogo yule hakuruhusiwa kukanyaga uani pa kaka yake, wala watoto wake hawakuruhusiwa kucheza na wenzao. Na ushahidi wao ulikuwa huu: kila siku mzee analetewa uji na samaki, anakula kadiri awezavyo, na bado anakonda. «Chakula chaenda wapi?» waliuliza. «Yuko anayekila usiku.»

Tulimsihi mzee aende hospitali, naye akakubali. Daktari aliyempima hakukawia kutambua: ilikuwa saratani, ambayo wengi wetu huiita kansa, nayo ilikuwa imeanzia katika kikoromeo, mahali sauti inapotokea. Sauti ilikuwa imekwaruza kwa miezi saba kabla ya siku ile. Kwa miaka arobaini mzee alikuwa amevuta kiko, na jioni nyingi alikuwa ameshika kikombe cha lutuku.

Tuliporudi, binti yake mkubwa alituuliza swali moja ambalo hatukuweza kulijibu siku ile. «Mwalimu, kama si uchawi, ni kitu gani basi kinachomkondesha baba, na hali anakula?» Tuliahidi kutafuta jibu. Tumesoma, tumewauliza waganga waliosomea kazi hiyo, na leo twataka kuwagawieni tuliyoyapata, kwa maana twaamini swali la mama yule linaulizwa katika nyumba nyingi.

Tuanze na jambo ambalo kila mtoto wa shule amelionea mwilini mwake. Ukichomwa na mwiba mguuni, baada ya saa chache mahali pale huwa pekundu, huvimba, huwa na joto, tena huuma. Celsus, mwandishi Mrumi aliyeishi karibu miaka 2000 iliyopita, aliziandika dalili hizo nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Hali hiyo ilipewa jina litokalo katika neno la Kilatini la kuwasha moto. Nasi tutaiita hapa mwako wa mwili. Watu wengi hufikiri kwamba mwako huo ndio ugonjwa. Sivyo. Mwako ndio mwili wenyewe ukijitetea. Mishipa midogo ya damu hupanuka, askari wa damu, yaani seli nyeupe, hutoka na kukimbilia kwenye jeraha, huko hula vijidudu na kuondoa uchafu, kisha seli nyingine hujenga ngozi mpya.

Lakini askari hao hujuaje kwamba mguuni kuna mwiba? Seli iliyojeruhiwa haina kinywa cha kupiga kelele. Hutuma matarishi. Matarishi hao ni protini ndogo sana, ambazo wataalamu huziita saitokini, nazo husafiri kati ya seli na seli, na katika damu pia. Kila tarishi hubeba amri yake, na kila seli ina vipokezi juu ya ngozi yake, kama mlango wenye kufuli linalokubali ufunguo mmoja. Tarishi akifika kwenye mlango wake, habari huingia ndani.

Tuwataje wachache, kwa kuwa ndio watakaotuhusu. Yuko interleukini-1, ambaye huwahi kutoka seli inapoumizwa. Yuko interleukini-6, ambaye huamsha homa na kuzihimiza seli ziendelee kuishi na kuongezeka; Toshio Hirano, Tadamitsu Kishimoto na wenzao wa Osaka, nchini Japani, waliipata jeni yake mwaka 1986. Yuko interleukini-8, ambaye huita askari wa damu na kusaidia mishipa mipya kuota. Tena yuko mmoja aitwaye kwa ufupi TNF, ambaye tutamrudia, kwa sababu habari yake ni ya ajabu.

Sasa tutazame ndani ya seli. Humo mnakaa protini iitwayo NF-kapa-B, iliyotambuliwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore huko Marekani. Siku za amani protini hii hukaa imefungwa na protini nyingine iliyo kama mlinzi wake. Tarishi wa hatari akibisha, mlinzi huyo huharibiwa, NF-kapa-B hufunguliwa, nayo huingia katika kiini cha seli, ambamo mna maandiko yote ya urithi. Huko huamsha jeni zinazoamuru: ongezekeni, msife, tumeni matarishi wengine. Protini nyingine, jina lake STAT3, hufanya kazi iliyo karibu na hiyo inapoamshwa na interleukini-6. Amri zote hizo ni njema kabisa siku ya jeraha. Seli zinazojenga ngozi mpya hazina budi kuongezeka upesi, wala hazipasi kufa kabla kazi haijakwisha.

Wazee wetu wanajua ngoma ya hatari. Chui akiingia kijijini, ngoma hupigwa, vijana huamka, mikuki hushikwa, hata wageni hufunguliwa mlango bila kuulizwa jina. Chui akiisha kuuawa, ngoma hunyamaza, na kila mtu hurudi kulala. Lakini tuwaze kijiji ambacho ngoma yake hailali, usiku na mchana, miaka ishirini. Vijana watachoka. Milango itabaki wazi. Na mwizi akitaka kuingia, atajifanya naye ni mmoja wa waliokuja kusaidia.

Ndivyo ilivyo katika kinywa na koo la mtu avutaye tumbako kila siku. Moshi huunguza utando laini ulioyafunika mashavu, ulimi, koo na kikoromeo. Pombe kali huulegeza utando huo, ikiziacha sumu za moshi zipenye zaidi. Kwa hiyo tumbako na pombe zikiwa pamoja, hatari yake hupita kwa mbali hatari ya kila moja peke yake. Leo mwili hutuma matarishi kuponya, na kesho, kabla hawajamaliza, moshi mwingine waja. Mwako hauzimiki kamwe.

Wakati huohuo sumu za moshi huharibu maandiko ya urithi ndani ya seli. Nyingi ya seli zilizoharibika hivyo zingekufa, kwa maana mwili una desturi ya kuziangamiza. Lakini matarishi hawanyamazi, wanazidi kusema: msife, ongezekeni. Seli mbovu husikia amri ileile, hutii, huishi, na kuzaa nyingine mbovu kuliko yenyewe. Hatimaye hupita kiwango: seli za saratani hujifunza kutengeneza interleukini-6 na interleukini-8 zenyewe. Mwizi ameishika ngoma mkononi. Sasa hahitaji tena moshi wala kidonda. Hujiamuru mwenyewe kukua, huita mishipa ya damu imletee chakula, na kuwachanganya askari hata waliokuja kumkamata wabaki kumtumikia.

Jambo hili halikuonekana jana wala juzi. Mwaka 1863 Rudolf Virchow, daktari Mjerumani wa Berlin, aliangalia vivimbe vya saratani kwa darubini akaona humo seli nyeupe za damu, akawaza kwamba kuna uhusiano kati ya saratani na mwako wa mwili wa siku nyingi. Wengi hawakumjali. Mwaka 1986 daktari Mmarekani, Harold Dvorak, aliufananisha uvimbe wa saratani na kidonda kisichopona. Hatujasikia mfano unaofaa kuliko huo.

Saratani za kichwa na shingo, yaani za kinywa, ulimi, koo, pua na kikoromeo, si chache. Mwaka 2018 walihesabiwa duniani wagonjwa wapya wapatao 890,000, na waliokufa karibu 450,000. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi huanza katika utando ule tuliousema.

Je, ni wavutaji peke yao wanaopatwa? Hapana, na yafaa tulijue hili ili tusimhukumu kila mgonjwa. Viko virusi vinavyoweza kuipiga ngoma ileile. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliowashika watoto wa Uganda. Vipande vya uvimbe wa namna ile vilipelekwa London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona ndani ya seli zake kirusi kisichojulikana mpaka hapo. Kirusi hicho, kilichopewa jina la Epstein na Barr, baadaye kilionekana pia katika saratani ya sehemu ya koo iliyo nyuma ya pua, ugonjwa unaowashika wengi hasa kusini mwa China na katika Afrika ya Kaskazini. Watu karibu wote wa dunia wana kirusi hiki bila kudhurika. Lakini katika wachache, kirusi huweka juu ya seli protini inayojifanya kuwa kipokezi ambacho tarishi amekwisha kukifikia. Hakuna tarishi aliyekuja, hata hivyo NF-kapa-B hufunguliwa, daima.

Kuna na kirusi kingine, kiitwacho papiloma, ambacho Harald zur Hausen wa Ujerumani alikionyesha kuwa chanzo cha saratani ya mlango wa kizazi, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina yake ya 16 huleta pia saratani ya koo, hasa kwenye mafindofindo, hata kwa watu wasiovuta kamwe. Dhidi ya kirusi hiki iko chanjo. Jirani zetu wa Rwanda walianza kuwachanja wasichana wa nchi nzima mwaka 2011, nchi ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo. Wazazi watakaoletewa habari ya chanjo hiyo shuleni wasiikimbie.

Sasa twarudi kwa binti wa mzee na swali lake. Chakula chaenda wapi?

Tulisema kwamba habari ya tarishi TNF ni ya ajabu. Mwaka 1975, huko New York, Elizabeth Carswell, Lloyd Old na wenzao walitangaza kwamba wamepata kitu katika damu ya panya kinachoweza kuua vivimbe. Jina lake la kitaalamu lina maana hiyo, kiuaji cha uvimbe, na watu walifurahi wakidhani dawa imepatikana. Katika mji uleule, Bruce Beutler na Anthony Cerami walikuwa wakitafuta kitu kingine kabisa: kwa nini mnyama mwenye ugonjwa wa siku nyingi hukonda mpaka mifupa ikaonekana? Walimpata tarishi anayeleta kukonda huko, na mwaka 1985 ikathibitika kwamba tarishi wao na yule muuaji wa uvimbe ni protini moja.

Basi hapo ndipo lilipo jibu. TNF, interleukini-1 na interleukini-6 zinapomiminika katika damu siku baada ya siku, ubongo hupokea habari ya vita, nao hupunguza hamu ya chakula. Misuli huamriwa kujivunja ili itoe chakula cha vita. Mafuta ya mwili huyeyuka. Mgonjwa akila bakuli la uji, mwili unateketeza zaidi ya bakuli hilo, tena haujengi misuli kwa kile alichokula. Hakuna mtu alaye chakula cha mzee usiku. Mwili wenyewe unakiteketeza, kwa kutii amri za uongo. Tena donge la kooni huzuia kumeza, na hivyo njaa huongezeka juu ya vita.

Matarishi hao hutoa hata ushuhuda. Mwaka 2008 wataalamu wa Michigan, Marekani, walitoa habari za wagonjwa zaidi ya 400 wa saratani za kichwa na shingo. Walikuwa wameipima interleukini-6 katika damu yao kabla ya matibabu. Wale waliokuwa nayo nyingi walirudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi, na maisha yao yalikuwa mafupi zaidi. Kwa hiyo mwako tunaoueleza ni kitu kinachopimika kwa vyombo, kama tunavyopima homa kwa kipimajoto.

Msomaji mwerevu atauliza: mbona basi tusiwanyamazishe matarishi hao wote kwa dawa, tukapona? Wataalamu wamejaribu, na yaliyotokea yatufundishe busara. Mwaka 2017 yalitangazwa majibu ya dawa izuiayo namna moja ya interleukini-1, iliyopewa watu katika jaribio la wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupatwa na shambulio la moyo. Waliopewa dawa hiyo walikufa kwa saratani ya mapafu kwa uchache kuliko wenzao. Hiyo ni habari njema. Lakini kati yao pia walizidi wale waliouawa na maambukizo ya vijidudu. Ukiikata ngoma, chui naye huingia bila mtu kuamka. Hali kadhalika dawa moja ya kutuliza mwako ilipojaribiwa kwa madoa meupe ya kinywani, yale ambayo huweza kugeuka saratani, haikuleta faida iliyotarajiwa. Kwa hiyo mtu asijinunulie sokoni vidonge vya kutuliza uvimbe akidhani anajikinga. Vidonge hivyo vikitumiwa ovyo huchubua tumbo na kuumiza figo, na zaidi ya hayo huficha maumivu ambayo yangalimpeleka hospitali mapema.

Tiba iliyo imara hata leo ni kupasuliwa, kutibiwa kwa mionzi, na dawa zinazotolewa na madaktari wa kazi hiyo. Nayo tiba hiyo inategemea jambo moja kuliko yote: mgonjwa amefika lini. Uvimbe mdogo wa ulimi au wa kikoromeo, ukiwahiwa, mara nyingi huponyeka. Ukiisha kushuka shingoni na kuwa donge, kazi huwa ngumu sana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa sababu hiyo twawaombeni, akina baba na akina mama, na ninyi wanafunzi ambao macho yenu yaona upesi, mshike kipimo hiki: majuma matatu. Vidonda vingi vya kinywani si saratani. Huja na huondoka kwa juma moja au mawili. Lakini kidonda kikipita majuma matatu bila kufunga, twende tukaonwe. Sauti ikikwaruza majuma matatu bila kupona, twende. Doa jeupe au jekundu lisilofutika kinywani, kumeza kwa maumivu, donge la shingoni lisiloisha, damu itokayo katika tundu moja la pua mara kwa mara, sikio linalouma bila kuwa na ugonjwa wa sikio: haya nayo tusiyaache. Na mwenye kuvuta aache. Hata aliyevuta miaka mingi akiacha leo, hatari yake huanza kupungua, kwa kuwa utando ulioachwa upumzike hupata nafasi ya kujiponya.

Kuna kipimo kingine, nacho ni cha moyo. Kabla ya kumtaja ndugu kuwa mchawi, tuhesabu miezi tunayoipoteza. Mzee wetu alipoteza miezi saba. Katika miezi hiyo walikwenda kwa wapiga ramli wawili, walitoa mbuzi watatu, walimfukuza ndugu wa tumbo moja, na wakati huo wote uvimbe ulikuwa ukikua kimya, ukipiga ngoma yake.

Binti yake alipopata jibu hili, hakusema neno kwa kitambo. Kisha aliondoka, akaenda kwa baba yake mdogo, akapiga magoti mlangoni kwake, akamwambia, «Baba, njoo nyumbani, kaka yako anakuita.» Naye akaja. Daktari hakuweza kumponya mzee, kwa maana ugonjwa ulikuwa umetangulia mbali. Aliweza kumpunguzia maumivu tu. Lakini miezi minne ya mwisho, aliyemnyanyua kitandani, aliyempoozea uji na kumnywesha kwa kijiko, alikuwa mdogo wake yule. Mzee hakupata tena sauti. Alimshika mkono, na wote tuliokuwapo tulielewa.

Shamba la mihogo wanalilima pamoja watoto wa nyumba zote mbili. Na kiko cha mzee, kwa shauri la binti yake, kimezikwa naye.